Herma Szabo: Bingwa aliyefupisha sketi ili miguu iwe huru

Mpendwa mzazi, kabla ya kumlaumu mtoto wako kwamba ni mvivu wa mazoezi, mtazame kwanza. Je, nguo na viatu vyake vinamruhusu kukimbia? Na wewe mwenyewe, amewahi kukuona ukicheza?

Herma Szabo alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1902. Kwao kuteleza kwenye barafu ulikuwa mchezo wa ukoo mzima. Mama yake, Christa, alipata medali za dunia akiteleza na mwenzake. Mjomba wake, Eduard Engelmann, alikuwa bingwa wa Ulaya mara tatu, na mwaka 1909 alijenga mjini humo uwanja wa barafu ya kutengenezwa kwa mitambo. Herma hakuhitaji kuhimizwa kwa maneno, kwani aliwaona wakubwa wake wakicheza.

Enzi hizo wanawake waliteleza na sketi ndefu zilizobana hatua. Herma alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuvaa sketi ya kuishia magotini, miguu ikapata nafasi. Alikuwa bingwa wa dunia mara tano mfululizo, 1922 hadi 1926, na mwaka 1924 akatwaa dhahabu ya Olimpiki huko Chamonix, Ufaransa. Akiteleza na Ludwig Wrede, alishinda pia ubingwa wa dunia wa wawili wawili, 1925 na 1927.

Katika Olimpiki hiyo, aliyeshika mkia kati ya wanawake wanane alikuwa mtoto wa miaka 11 kutoka Norway, Sonja Henie. Miaka mitatu baadaye, mjini Oslo, mtoto huyo alimshinda Herma. Kati ya waamuzi watano, watatu walikuwa Wanorway, na wote walimpa ushindi Sonja. Baadaye sheria ilibadilishwa, kila nchi ikawa na mwamuzi mmoja tu. Lakini Herma alikuwa ameumia moyo, akaacha mashindano hayo. Alifariki mwaka 1986.

Ndugu msomaji, mtoto wako akishika mkia leo, usimkatie tamaa, kumbuka Sonja. Akionewa, msikilize, kwani kidonda cha moyo nacho huuguzwa. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kwa siku. Medali si lazima. Mpe nguo nyepesi, kisha toka ucheze naye.