William Fairbairn, fundi aliyekataa kubahatisha boila

MWENYE kiwanda anaposimama mbele ya boila iliyoliwa na kutu, swali lake la kwanza huwa ni la fedha. Akiizima, kazi inasimama na wateja wanahamia kwa jirani. Akiendelea kuiwasha, anawaweka vibarua wake kando ya chombo ambacho huenda kikapasuka wakati wowote. Kutafuta jibu la swali hilo kwa vipimo, badala ya kubahatisha, kulichukua sehemu kubwa ya maisha ya William Fairbairn.

Fairbairn alizaliwa Februari 19, 1789 mjini Kelso, Uskoti, akiwa mtoto wa mfanyakazi wa shambani. Elimu ya darasani aliipata kidogo. Alipofikia ujana alipelekwa kujifunza ufundi wa mitambo katika mgodi wa makaa ya mawe wa Percy Main, kaskazini mwa Uingereza, na muda wa mapumziko aliutumia kujisomea hesabu. Huko alifahamiana na George Stephenson, ambaye baadaye alivuma kwa kutengeneza treni za mvuke.

Mwaka 1813 alihamia Manchester, na mwaka 1817 akaungana na James Lillie kufungua karakana. Viwanda vya pamba wakati huo vilikuwa na mihimili mizito iliyozunguka polepole. Wao wakaweka myepesi inayokwenda kasi, biashara ikawaendea vizuri. Fairbairn alitengeneza pia magurudumu ya maji yaliyokuwa bora kuliko ya awali. Wawili hao waliachana mwaka 1832, naye akabaki na karakana yake. Mafundi wa boila walipogoma mwaka 1837, alipata njia ya kupiga ribiti kwa mashine, na mwaka 1844, pamoja na John Hetherington, alipata hataza ya boila ya Lancashire, yenye matanuri mawili ndani ya pipa moja.

Hadi hapo ni habari za fundi hodari aliyetajirika, na wa namna hiyo walikuwa wengi Manchester. Kilichomtofautisha ni alichokifanya boila zilipoanza kuua watu.

Maji yaliyo ndani ya boila huwa na joto kubwa kuliko la kuchemka kawaida, ila presha huyazuia yasigeuke mvuke wote. Bamba likipasuka, presha hushuka ghafla na sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke mara moja. Ukuta huanguka, paa huruka, na vipande vya chuma hutupwa mbali. Wapo wenye viwanda waliodai kwamba milipuko hiyo haina maelezo. Wengine walisingizia umeme, wengine gesi inayojitengeneza ndani ya maji. Madai hayo yaliwafaa, kwa sababu ajali isiyo na sababu haina wa kulaumiwa.

Fairbairn hakukubali. Alifika penye mabaki na kupima bamba, akatazama mshono ulipoachia na hali ya vali ya usalama. Jibu lake halikubadilika sana kutoka ajali moja hadi nyingine: ama presha ilizidi uwezo wa chombo, ama chombo kilikuwa kimedhoofika na mwenyewe hakutaka kujua.

Hesabu zake zinaeleweka na yeyote mwenye kompresa ya kujazia matairi. Presha ndani ya mtungi wa mviringo hulivuta bamba kwa njia mbili, kwa kuuzunguka mtungi na kwa urefu wake. Mvuto wa kuuzunguka ni mara mbili ya ule wa urefu. Kwa hiyo mshono unaokwenda kwa urefu ndio unaobeba mzigo mkubwa, na ndio wa kutazamwa kwanza. (Mtungi wa kompresa huliwa zaidi kwa ndani, chini, maji ya hewa yanapotuama. Rangi mpya kwa nje haisemi lolote kuhusu hapo.)

Katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1850, Fairbairn alionyesha kwamba kama bamba zima lina nguvu 100, mshono wenye safu mbili za ribiti una 70 tu, na wenye safu moja una 56. Mtu aliyehesabu uwezo wa boila yake kwa unene wa bamba alikuwa amejidanganya tangu siku ya kuinunua. Kutu ikila nusu ya unene kwenye mshono wa safu moja, ile 56 inakuwa kama 28. Boila inawaka vilevile na mashine zinazunguka vilevile, lakini presha ya jana si ya kuiwekea tena leo.

Mwaka 1858 alionyesha jambo jingine lililowashangaza wengi. Bomba la moto linalopita ndani ya boila husukumwa na presha kutoka nje, na kadiri lilivyo refu ndivyo linavyobonyea kirahisi. Boila iliyorefushwa ili kupata mvuke zaidi ilikuwa imedhoofishwa. Dawa yake ilikuwa ni kulivisha bomba pete za chuma kila baada ya umbali fulani.

Kwenye miaka ya 1860 aligeukia uchovu wa chuma. Aliweka boriti ya chuma na kuipakia na kuipakua mzigo kwa mashine. Kwa mzigo wa takriban robo ya ule wa kuivunja, boriti ilivumilia karibu mara milioni moja. Ulipopandishwa hadi sehemu mbili kwa tano, ilivunjika baada ya mara 5,175. Hakuitupa. Aliiunga na kuirudisha kazini, na kwa robo ikabeba zaidi ya mara milioni tatu. Alipoupandisha hadi theluthi, ikavunjika tena baada ya mara zipatazo 313,000. Kumbe chombo kilichoharibika kinaweza kurudi kazini, lakini kwa mzigo uliopimwa upya.

Kabla ya hapo, mwaka 1854, mlipuko wa boila mjini Rochdale uliwaua wafanyakazi, na Fairbairn alikuwa miongoni mwa walioitwa kutoa maelezo. Mwaka huohuo yeye, Joseph Whitworth na wenye viwanda kadhaa walianzisha chama cha watumiaji wa mvuke cha Manchester. Mwanachama alilipa ada, na mkaguzi wa chama akaja kutazama boila yake. Hilo lilikuwa pigo kwa mazoea, maana sasa aliyeamua kama boila ni nzima hakuwa tena yule anayepata hasara ikizimwa. Mkaguzi mkuu wa kwanza, Robert Longridge, baadaye aliingia katika bima ya boila. Mwaka 1866 Wamarekani nao walianzisha huko Hartford kampuni iliyounganisha ukaguzi na bima.

Si kila mwenye kiwanda alijiunga. Chama kilikuwa cha hiari, na mara nyingi mwenye boila mbovu ndiye asiyetaka mkaguzi.

Fairbairn alipewa cheo cha heshima cha Sir mwaka 1869, akafariki dunia Agosti 18, 1874. Sheria ya Uingereza kuhusu milipuko ya boila ilipitishwa mwaka 1882, nayo iliagiza tu uchunguzi baada ya ajali kutokea. Ilibidi kungoja sheria ya viwanda ya mwaka 1901 ndipo kila boila ya kiwandani ilazimike kukaguliwa na mtu mwenye ujuzi angalau mara moja kila miezi 14. Wazo hilo lilifika Afrika Mashariki kupitia sheria za viwanda za enzi za ukoloni, na leo limo katika sheria za usalama kazini za Tanzania ya mwaka 2003 na Kenya ya mwaka 2007, zinazogusa boila za mvuke na mitungi ya hewa pia.