MAISHA YA MAREHEMU SHAABAN ROBERT



Sisi tuliofundisha Kiswahili miaka mingi tuliwakaririsha watoto mashairi ya Shaaban Robert kwa ajili ya mtihani. Huzuni iliyompata mtu huyo hatukuwaeleza. Leo twataka kulipa deni hilo.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, katika kijiji cha Machui, karibu na mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hadi 1926, kisha akawa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni. Aliendelea na ukarani miaka mingi katika idara mbalimbali, na humo humo akatunga mashairi na hadithi.

Msiba mkubwa ulimfika alipofiwa na mkewe, Amina. Alimlilia kwa shairi ambalo wengi wetu twalijua. Lakini hakuishia katika kilio. Aliwakumbuka wanawe. Binti yake Mwanjaa alimtungia Utenzi wa Hati, na mwanawe Suleiman akamtungia Utenzi wa Adili, wapate maonyo ya baba ya kuwaongoza katika maisha. Karani wa siku zile hakuwa na mali nyingi ya kurithisha; yeye aliwarithisha maneno.

Taabu nyingine ilikuwa ya uchapaji. Kusadikika kilitoka mwaka 1951, na Adili na Nduguze mwaka 1952. Maandiko mengine hakujaliwa kuyaona yakiwa vitabu. Alifariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, miezi sita tu baada ya Uhuru wetu. Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru vilitoka 1967, na Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote 1968. Alipanda, wengine tukavuna.

Yeye alikuwa Mwislamu, nasi ni Wakristo; hata hivyo somo lake latuhusu. Hapa Janga twahangaika kuwaachia watoto shamba na nyumba, na ni vema. Lakini ni wangapi kati yetu tuliokwisha kuketi na mtoto tukamwambia, au tukamwandikia, yale tuliyojifunza katika taabu zetu? Tukingoja mpaka majonzi yaishe, tutaondoka bila kusema neno.

Tuanze jioni ya leo. Mungu atusaidie.