Siti binti Saad: Msanii ahitaji baraza kabla ya tanzia

Tuna desturi moja humu nchini ambayo yafaa tuitazame upya. Msanii akiugua ndipo tunapoitisha harambee ya kulipia gharama za hospitali. Akifariki, redio hucheza nyimbo zake kutwa kucha na wakubwa hutuma risala za rambirambi. Baina ya mwanzo wa kazi yake na siku ya maziko yake, mara nyingi huwa hatumjui. Ninayo hoja kwamba msaada wa aina hii huchelewa mno, na ushahidi wangu ni maisha ya mwanamke mmoja wa Unguja ambaye kila msomaji wa Kiswahili amepata kulisikia jina lake: Siti binti Saad.

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, na wote wawili walikuwa wametoka katika utumwa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa, na msomaji hana haja ya kufafanuliwa lilibeba nini. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, lakini sheria haifuti dharau kwa siku moja. Binti huyu hakupelekwa shule. Alifinyanga na kuuza vyungu kama mama yake, akivitembeza huku akivinadi, na ni katika kunadi huko ndiko watu walikoanza kuitambua sauti yake.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na fundi wa muziki aliyeitwa Ali Muhsin, ambaye hakumtazama kwa nasaba yake bali kwa kipawa chake, akamfunza kuimba kwa kufuatana na ala. Baadaye alijiunga na wenzake, miongoni mwao Subeti Ambari, Maalim Shaaban na Mbaruku, ambaye watu wa Mombasa nao walimfahamu vyema. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata ukubwani. Aliyezaliwa akiitwa Mtumwa akawa Siti, na aliyempandisha daraja hiyo ni kazi yake mwenyewe.

Ili tuione thamani ya kazi hiyo, hatuna budi kukumbuka taarab ilikuwa ya nani. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuuleta muziki huo katika jumba lake kutoka Misri. Chama cha Akhwani Safaa kilipoundwa mwaka 1905, lugha ya taarab ilikuwa bado Kiarabu. Wengi waliosikiliza hawakuelewa kilichoimbwa, na kutoelewa huko kulihesabiwa kuwa sehemu ya utukufu wake. Siti aliweza kuimba kwa Kiarabu, lakini aliyaingiza maneno ya Kiswahili katika ukumbi ambao haukuwa umeyakaribisha. Tangu hapo mchukuzi, mpishi na mfinyanzi waliweza kusikia mambo yao yakiimbwa.

Hilo halikuwafurahisha wote. Palitungwa wimbo wa kumkejeli kwa asili yake na kwa umbo lake, na Siti akaujibu kwa wimbo uliosisitiza kwamba sura na nasaba si kitu mbele ya akili na tabia njema. Ninalotaka tulitambue ni kwamba hakujibu akiwa peke yake. Nyumba yake huko Ng'ambo ilikuwa baraza. Jioni watu walikusanyika, wanamuziki wakaleta tungo mpya, majirani wakaleta habari za mtaa, na wimbo ukajadiliwa kabla haujatoka. Wapo waliotunga, wapo waliopiga ala, na wapo waliosikiliza na kusahihisha. Dhihaka ilimkuta Siti akiwa amezungukwa na watu wake, nayo haikuweza kumnyamazisha.

Baraza hilo nalo lilipata faida yake, maana msanii aliyeshikiliwa na watu huwashikilia watu hao. Mfano unaojulikana zaidi ni wimbo wa Kijiti, uliohusu mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka bara. Mshukiwa alitoroka kisiwani, ilhali wanawake waliotoa ushahidi ndio waliofungwa kwa kosa la pombe. Wanawake hao hawakuwa na wakili wala gazeti. Walikuwa na Siti. Hukumu ya mahakama ya kikoloni imesahauliwa na wengi, lakini malalamiko dhidi yake yangali yanaimbwa.

Sasa niruhusiwe kusema jambo linalohusu taaluma yangu. Kila ninapofundisha historia ya usanifishaji wa Kiswahili, huwatajia wanafunzi mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, ambapo Kiunguja cha mjini kilipendekezwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930. Vitabu vyetu huwataja maafisa na wamishenari walioamua. Aghalabu havitaji kwamba mwaka huo huo wa 1928, Siti na wenzake walivuka Bahari ya Hindi hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa kampuni ya His Master's Voice. Wakubwa walikichagua Kiunguja kwa kalamu, na mwanamke asiyejua kusoma akakieneza kwa sauti. Watafiti wa historia ya Zanzibar wameandika kwamba kufikia 1931 sahani zipatazo 72,000 za nyimbo za Kiswahili zilikuwa zimeuzwa. Sahani hizo zilisikika pwani yote na hata bara, katika mikahawa na nyumba ambamo kitabu cha sarufi hakikuwa kimefika. Kama lugha hii ina deni, basi sehemu kubwa ya deni hilo ni kwa wasanii.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Muda mfupi kabla ya siku hiyo alitembelewa na mtu mmoja ambaye hakuja na rambirambi, bali alikuja na masikio na kalamu. Mtu huyo alikuwa Shaaban Robert. Alimsikiliza akiwa hai, na matokeo yake ni Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958. Tuzingatie uzito wa tendo hilo. Mshairi aliyekuwa na jina tayari alimwona binti wa Fumba kuwa anastahili wasifu, wakati ambapo vitabu vya aina hiyo viliandikwa kuhusu masultani na magavana. Lau angesubiri mwaka mmoja tu, asingemkuta. Sahani huvunjika, nayo kumbukumbu ya wazee huenda nao kaburini.

Hapa ndipo maisha ya Siti yanapotugusa sisi. Ugonjwa wa korona ulipoingia nchini mwaka 2020, kumbi zilifungwa, harusi zikaahirishwa, na waimbaji, waigizaji na wachezaji ngoma walikosa riziki kwa siku chache tu. Serikali ilitangaza fedha za kuwasaidia, na hilo lilikuwa jambo jema. Hata hivyo, msiba ule ulifichua kwamba wengi wa wasanii wetu hawakuwa na akiba, hawakuwa na bima, wala hawakuwa na chombo cha kuwasemea wanachokiamini. Msaada wa dharura humvusha mtu mto siku ya mafuriko, lakini daraja hujengwa kiangazi.

Daraja lenyewe si siri. Ni mirabaha inayolipwa kwa wakati na kwa hesabu iliyo wazi. Ni kumbi za umma zinazofunguliwa kwa vikundi vichanga kwa ada wanayoimudu. Ni idara za Kiswahili katika vyuo vyetu kutuma wanafunzi wakawarekodi wazee wa Lamu, Mombasa na kwingineko wakiwa na pumzi, badala ya kungoja kuwaandikia tanzia. Na ni sisi wasikilizaji kununua kazi yao leo. Ali Muhsin alitoa mafunzo, watu wa Ng'ambo wakatoa baraza, Shaaban Robert akatoa kalamu. Hakuna hata mmoja wao aliyetoa kitu ambacho sisi hatunacho, na wote walikitoa Siti akiwa hai.