Bi. Annalena, Mgeni wa Wajir

Ukivuka mto Tana ukaingia Garissa, kisha ukashika njia ya kaskazini, nchi hubadilika ikawa mchanga, miiba na ngamia. Huko mbele ndiko Wajir, mji wa visima. Alifika huko mwaka 1970 msichana wa Kitaliano ambaye hajatimiza hata miaka 30, na hakuna aliyemngojea.

Jina lake Annalena Tonelli. Alizaliwa Forlì tarehe 2 Aprili 1943, akasomea sheria, na angaliweza kukaa kwao akawa wakili. Badala yake alikuja Kenya mwaka 1969, akafundisha Chinga, katika Nyeri, kabla ya kwenda Wajir. Alikuwa Mkristo Mkatoliki, lakini hakuwa mtawa wala hakuwa na mshahara. Alivaa nguo ndefu na kujitanda kichwa kama wanawake wa pale. Kwa Wasomali, mwanamke asiye na mume wala mtoto lilikuwa jambo la kusikitikiwa, na tena alikuwa kafiri. Haya aliyajua, akakaa.

Kilichomkalisha ni kifua kikuu. Mgonjwa alifichwa kwa aibu, na dawa za siku zile zilitaka mwaka mzima na zaidi. Ni mfugaji gani atakaa hospitali mwaka mzima ilhali ngamia wake wanafuata mvua? Akipata nafuu kidogo huondoka, na maradhi yakarudi. Mwaka 1976 Bi. Annalena alishika mpango wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani. Wagonjwa walikuja na vibanda vyao vya fito na mikeka, wakapiga kambi hapo hapo, na kila mmoja akameza dawa mbele ya macho ya mwangalizi. Baada ya miezi sita alirudi kwa mifugo yake mzima. Njia hiyo ya kumeza dawa mbele ya shahidi baadaye ilienea duniani.

Kisha ikaja Februari 1984. Mkoa ule wote ulikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, zilizodumu hadi 1991. Tarehe 10 askari waliwakusanya wanaume wa kabila la Degodia, wakawapeleka kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na mji. Walivuliwa nguo, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji, wengi wakauawa. Serikali kwa miaka mingi ilishikilia kwamba waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, haikukubali hesabu hiyo.

Watu walijifungia majumbani, na nani atawalaumu? Bi. Annalena alitoka na gari. Aliwatafuta majeruhi na maiti waliotupwa porini, akaandika majina, na akahakikisha habari inafika kwa mabalozi wa nje. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba wakubwa, Wakristo kama yeye, walimwita wakamwambia amekwisha kutegewa mara mbili akaokoka, na ya tatu hataokoka. Mmoja wao akataka kujua kinachomsukuma. Jibu lake lilikuwa kwamba anafanya kwa ajili ya Yesu, anayetaka mtu atoe roho yake kwa rafiki zake. Rafiki zenyewe walikuwa Waislamu, na wanaoulizwa na kuuliza walikuwa wa dini moja. Mimi nimelifikiri sana neno hilo.

Mwaka 1985 alifukuzwa Kenya. Hakurudi Forlì. Alikwenda Somalia: Beledweyne, Mogadishu, Merca, katikati ya vita na njaa. Huko Merca daktari aliyeshika kazi baada yake, Graziella Fumagalli, aliuawa Oktoba 1995. Mwaka uliofuata Bi. Annalena alihamia Borama, kaskazini, akaanza tena kifua kikuu, na shule ya watoto viziwi. Wagonjwa wake, waliokaa miezi bila kazi, aliwawekea madarasa ya kusoma na kuandika, na chuo cha Kurani pia. Hakumtaka mtu abadili dini.

Juni 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa Tuzo ya Nansen kwa kuwahudumia wakimbizi. Jumapili tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo, jioni, alipigwa risasi katika uwanja wa hospitali yake Borama. Alikuwa na umri wa miaka 60.