Jules Bordet: Mwanasayansi aliyefichua kiini cha kifaduro

MAMA wa Kitui au Makueni ampelekapo mtoto kliniki kudungwa chanjo akiwa na umri wa wiki sita, 10 na 14, kifaduro ni miongoni mwa maradhi anayokingwa dhidi yake. Aliyefichua kiini cha ugonjwa huo ni Jules Bordet, daktari Mbelgiji aliyeaga dunia mwaka 1961.

Bordet alizaliwa mjini Soignies mnamo Juni 13, 1870. Alihitimu udaktari jijini Brussels mwaka 1892, na miaka miwili baadaye akajiunga na Taasisi ya Pasteur, Paris, alikochunguza jinsi damu inavyopambana na viini. Mnamo 1901 alirejea Brussels kuongoza taasisi kama hiyo.

Mwaka 1900, Bordet aliona kwa hadubini bakteria ndogo katika makohozi ya mtoto mchanga aliyeugua kifaduro. Hata hivyo, kuiona hakukutosha. Ilibidi aioteshe maabarani, nayo ikakataa kumea. Akishirikiana na Octave Gengou, alitayarisha lishe ya viazi, glisirini na damu, na mwaka 1906 wakafaulu. Jamii ya bakteria hizo huitwa Bordetella kwa heshima yake. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1919 kwa uvumbuzi wake kuhusu kinga ya mwili.

Tangu wakati huo, daktari aliweza kutofautisha kifaduro na vikohozi vingine, mradi sampuli ichukuliwe mapema. Katika wiki mbili za kwanza, ugonjwa hufanana na mafua, na ndipo bakteria huwa tele na dawa husaidia zaidi. Baadaye huja kikohozi cha mfululizo, mlio mkali mgonjwa avutapo pumzi, na kutapika.

Katika miaka ya 1970, watafiti waliwafuatilia watoto wa Machakos, wilaya iliyojumuisha Makueni hadi 1992, kwa kuzuru nyumba zao kila baada ya wiki mbili kusaka visa vya surua na kifaduro. Hawakungoja wagonjwa wafike hospitalini.

Nyanda kavu za Ukambani zina vumbi, na ni rahisi kulisingizia kila kikohozi. Lakini mtoto mchanga huenda asitoe mlio wowote. Hukatika pumzi tu na midomo kubadilika rangi. Mzazi anayeusubiri mlio huo huenda akachelewa.