Scheele, mfamasia wa Uswidi aliyeonja sumu zake

Carl Wilhelm Scheele alizaliwa Desemba 1742 katika mji wa Stralsund, ambao leo uko Ujerumani lakini wakati huo ulikuwa chini ya Uswidi. Hakusoma chuo kikuu. Akiwa na umri wa miaka 14 alipelekwa Gothenburg kujifunza kazi katika duka la dawa, na tangu hapo, Malmö, Stockholm, Uppsala na hatimaye mji mdogo wa Köping, alifanyia majaribio yake mlemle alimotengenezea dawa za wateja.

Jaribio moja la mwaka 1771 ladhihirisha hatari ya kazi hiyo. Alichemsha madini ya floraiti pamoja na asidi ya salfa ndani ya chombo cha kioo. Mvuke ulipokutana na maji uliacha utando mweupe wa silika, naye akadhani kwamba asidi hiyo mpya na maji ndivyo vilivyouzaa. Kumbe silika ilitoka kwenye kioo chenyewe, kilichokuwa kikiliwa na asidi! Wanakemia wengine ndio waliolibainisha kosa hilo baadaye. Asidi iyo hiyo hupenya ngozi ya binadamu na kufika hadi mifupani.

Mwaka 1774 alichanganya madini ya manganizi na asidi ya hidrokloriki, akapata gesi ya kijani-njano yenye kubana kifua. Ilikuwa klorini. Oksijeni pia aliipata kabla ya Mwingereza Joseph Priestley, ila kitabu chake kilichelewa hadi 1777, na sifa zikaenda kwingine. Rangi ya kijani aliyoitengeneza kwa shaba na aseniki ilipendwa mno Ulaya, ikapakwa hata kwenye karatasi za ukutani, na sumu ikaingia majumbani.

Scheele alikuwa na desturi ya kunusa na kuonja alivyovipata. Alipotenga asidi ya sianidi kutoka katika rangi ya buluu ya Prussia, mwanzoni mwa miaka ya 1780, aliandika hata ladha yake. Kwamba alinusurika siku hiyo ni bahati tu.

Mwili wake haukudumu. Alifariki dunia Köping tarehe 21 Mei 1786, akiwa na umri wa miaka 43. Wengi huihusisha afya yake mbovu na aseniki na zebaki alizozishika kwa miaka mingi, ingawa hilo halikuthibitishwa. Akiwa kitandani, alifunga ndoa na mjane wa mfamasia aliyemtangulia, ili duka la dawa lirudi mikononi mwa mama huyo.