Mchungaji John Curwen, Mwalimu wa Do-Re-Mi



Wanakwaya wetu wengi wanazijua herufi d, r, m, f, s, l, t, na nukta mbili zinazotenga mapigo ya wimbo. Wamefundishwa kuimba nota kwanza, ndipo wakatia maneno. Lakini si wengi wanaomjua mtu aliyeueneza mpango huo duniani, wala mwanamke aliyeuanzisha kabla yake. Basi yafaa tuelezane habari zao.

John Curwen alizaliwa tarehe 14 Novemba 1816 katika mji mdogo wa Heckmondwike, Yorkshire, nchini Uingereza. Baba yake alikuwa mchungaji katika mojawapo ya makanisa yaliyo nje ya Kanisa la Kianglikana, na John naye alisomea kazi hiyohiyo. Alipenda sana kufundisha watoto. Lakini katika muziki hakuwa na kipawa. Alijaribu kujifunza nota za mistari mitano, akashindwa kuimba hata wimbo mwepesi kwa kuusoma mwenyewe.

Mwaka 1841, katika mkutano wa walimu wa Shule za Jumapili uliofanyika mjini Hull, Curwen alipewa kazi ya kutafuta njia iliyo rahisi kuliko zote ya kufundisha kuimba mashuleni na makanisani. Tazama jambo hili la ajabu: kazi ya muziki akapewa mtu asiyejua muziki! Lakini huenda ndiyo sababu aliifanya vizuri. Aliyajua matatizo ya mwanafunzi, kwa kuwa yalikuwa matatizo yake mwenyewe.

Njia aliyoitafuta ilikuwako tayari. Mjini Norwich aliishi Bibi Sarah Glover, aliyezaliwa mwaka 1786, binti wa kasisi wa Kianglikana. Bibi huyu alikuwa akifundisha watoto wa maskini kuimba ili wasaidie nyimbo za kanisani. Aliona kwamba nota za mistari mitano zinawachosha wanaoanza, akatumia herufi za kwanza za majina ya sauti. Sauti ya saba iliitwa si. Yeye akaiita te, ili isianze na herufi moja na sol. Mwaka 1835 alitoa kitabu cha kueleza mpango wake. Curwen alipokipata kitabu hicho na kukifuata, hakukawia kuweza kuimba mwenyewe kwa kusoma.

Hapa pana jambo ambalo si haki kulificha. Curwen aliubadilisha mpango wa Bibi Glover na kuutangaza bila kumwomba ruhusa kwanza. Bibi Glover hakupendezwa na mabadiliko hayo. Ni kweli kwamba Curwen hakudai kuwa yeye ndiye mwanzilishi. Alikiri mbele ya watu kwamba asili ya mpango ni Bibi Glover. Hata hivyo, jina la Curwen ndilo lililovuma, na la yule bibi likabaki nyuma. Bibi Glover alifariki mwaka 1867.

Mwaka 1843 Curwen alitoa kitabu chake cha kufundishia kuimba mashuleni na makanisani. Faida ya mpango wake ilikuwa wazi. Do si sauti moja isiyohama, bali huwekwa juu au chini kama wimbo unavyotaka. Aliyejua kupanda na kushuka ngazi moja amezijua zote. Tena, kwa kuwa zilitumika herufi za kawaida, kiwanda chochote cha kuchapa kiliweza kuzichapa, na vitabu vikauzwa kwa bei ndogo. Hivyo mfanyakazi wa kiwandani, na mtoto asiye na kinanda nyumbani, waliweza kusoma muziki.

Katika kufundisha, alitaka mwanafunzi aisikie sauti na kuiimba kabla ya kuonyeshwa alama yake. Alitaka pia mwalimu aimbe mfano mfupi, kisha anyamaze na kuwasikiliza wanafunzi. Mwalimu anayeimba pamoja na darasa muda wote hawezi kujua nani anakosea. Mwaka 1870 aliongeza alama za mkono, kila sauti na alama yake, ambazo baadaye zilitumika sana huko Hungaria katika mafundisho ya Zoltán Kodály.

Mwaka 1857 waimbaji wapatao 3,000 waliofundishwa kwa sol-fa waliimba pamoja katika Crystal Palace, London. Hata hivyo, wako wanamuziki wenye elimu walioudharau mpango huu. Walisema kwamba mwanafunzi ataishia kwenye herufi na kufungiwa mlango wa muziki mkubwa. Neno hilo lina ukweli ndani yake, maana wengi wameishia hapo. Lakini tujiulize: bila sol-fa, wangapi wangefika hata hapo?

Mwaka 1864 Curwen aliacha uchungaji ili aifanye kazi hii peke yake. Mwaka 1879 chuo cha walimu wa sol-fa kilifunguliwa London. Tarehe 26 Mei 1880 alifariki, akiwa na umri wa miaka 63.

Wakati huo wamisionari walikuwa wamekwisha kuipeleka sol-fa mbali, pamoja na Madagaska na Afrika ya Kusini. Huko Afrika ya Kusini, Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake ndiyo tunayoiimba Tanzania katika wimbo wa Taifa. Aliuandika kwa sol-fa.

Ndugu wapenzi, Curwen hakuwa mwimbaji hodari, na Bibi Glover hakutafuta sifa. Kila mmoja alimtazama mtoto aliyeketi nyuma ya darasa, akauliza njia gani itamfikisha. Katika kila parokia wako walimu wanaofanya hivyo jioni baada ya kazi, bila mshahara. Tuwaombee, tuwashukuru wangali hai, na vitabu vyao vikichakaa tuwanunulie vingine.